Dabke Niliyofundishwa na Hajja

Kabla sijakwenda Amman, Palestina kwangu ilikuwa taarifa ya habari ya saa moja usiku na dua ya Ijumaa iliyotufikia kwa spika ya msikiti pale Kisauni. Walikuwa watu wa kuuawa na watu wa kuombewa. Sikuwahi kujiuliza wanaoana vipi, wakioana wanaimba nini, na kama miongoni mwao yupo asiyejua kucheza. Hayo nilikuja kuyajulia jikoni, maana kazi iliyonipeleka Jordan mwaka 2012 ilikuwa ya jikoni na ya kumtunza mama mzee.

Ajenti wa Mombasa aliniambia nakwenda kwa Waarabu, basi. Nyumba yenyewe ilikuwa Jabal al-Hussein, ghorofani, katika jengo la mawe meupe lililong'ang'ania ubavu wa mlima kama majengo mengi ya mji ule. Kumbe ni Wapalestina. Amman imejaa Wapalestina. Jordan nzima ina zaidi ya milioni 2 walioandikishwa kuwa wakimbizi na UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, na wengi wao wana uraia wa nchi ile, wana maduka, wana shahada ukutani, wana mikopo ya magari. Mimi mkimbizi nilikuwa nikimjua kwa hema. Ilinichukua muda kuelewa kwamba daktari wa meno wa ghorofa ya chini naye ni mkimbizi, na mwenye duka la simu pia, na Hajja wangu, yule mama mzee niliyemtunza, pia, pamoja na bangili zake zote.

Hajja alizaliwa Lifta, kijiji cha bondeni upande wa magharibi wa Jerusalem, pale barabara inapoingilia mjini. Alikuwa mtoto wa kutumwa maji chemchemini watu walipoanza kuhama kwa mashambulizi ya mwisho wa 1947, na mapema mwaka uliofuata kijiji kikawa kitupu. Mwaka ule wa 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walitoka au walitolewa makwao, na vijiji vyao kwa mamia vikabomolewa. Lifta ina ajabu yake: nyumba kadhaa za mawe zimesimama mpaka leo, hazina wenyewe, na chemchemi bado inatoa maji. Waliozijenga na watoto wao hawajaruhusiwa kurudi. Familia yake ilikimbilia Ramallah, akaolewa huko, na vita vya Juni 1967 vikawavusha mto Jordan. Haya hakunikalisha kitako akanisimulia. Niliyaokota kidogo kidogo ndani ya nyimbo, huku akisita katikati ya ubeti kunieleza huyu anayetajwa alikuwa nani na nyumba yake ilitazama wapi.

Kazi tuliyoifanya pamoja kuliko zote ilikuwa kuchambua mlukhiyya, ambayo ni mlenda wetu tu. Wao wanaupika na kuku, wanaumiminia kitunguu saumu kilichokaangwa. Kiangazi wananunua mafungu kwa mafungu ya mwaka mzima. Hajja anaketi kwenye kiti cha plastiki barazani kwa ajili ya magoti yake, mimi niko chini, majani yanatoka kwenye vijiti, na wimbo unaanza wenyewe. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusoma Kurani bila kujua maana, kwa hiyo miezi ya mwanzo nilishika lahani tu na kuitikia pale alipoitikia yeye. Hakujali. Alichojali ni kwamba nisiwahi mbele ya pigo.

Wimbo alioupenda zaidi ni ule wa Zarif al-Tul, kijana mrefu mwenye umbo zuri. Hauna mtunzi na hauna mwisho; kila kijiji kina beti zake na kila harusi inaongeza zake. Ndani yake upo ubeti unaomsihi yule kijana asimame kwanza asikilize: unakwenda ugenini, na nchi yako ni bora kwako. Siku nilipouelewa nilikuwa nimetoka kutuma pesa Mombasa. Nikanyanyuka haraka, nikasingizia sufuria. Hajja alinifuata kwa sauti mpaka jikoni: "Usilie kabla hujaujua wote! Bado beti nyingi!" Nikarudi nikakaa. Beti zilikuwa nyingi kweli.

Wimbo mwingine, Dal'ona, ndio wenyewe wa dabke, ngoma yao ya mstari. Wazee wanasimulia kwamba zamani mapaa ya nyumba yalikuwa ya udongo uliochanganywa na majani makavu, na kabla ya mvua lazima ushindiliwe. Mwenye nyumba anaita majirani, wanapanda juu, wanashikana, wanaukanyaga kwa pamoja huku wakiimba baridi isiwashinde. Sijui Hajja aliyaona kwa macho au aliyasikia kwa bibi yake, lakini alikuwa akiyasimulia kwa miguu: hata ameketi, visigino vilikuwa vinashindilia saruji ya barazani.

Na zipo tarwida, nyimbo za wanawake, za taratibu mno, ambazo nilipozisikia mara ya kwanza nilidhani ni lugha nyingine kabisa. Hajja alicheka mpaka akakohoa. Maneno ni Kiarabu kilekile, ila wanayajaza silabi za "l" katikati hadi yasitambulike. Inasimuliwa kwamba wanawake waliziimba hivyo karibu na magereza, enzi za Waturuki na kisha za Waingereza, ili mfungwa apate habari kwamba usiku fulani kuna watu watakuja, na askari asikie wanawake wanaimba tu. Nikamwambia sisi watoto wa Pwani tulikuwa tunasema kwa kinyume, tunapindua silabi ili wakubwa wasituelewe. Akataka nimfundishe. Kwa wiki nzima mwanawe hakuelewa kwa nini mama yake anaita kahawa kwa jina la ajabu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho baadaye nilikiona kila mahali. Nilikuwa nimetarajia nyimbo za hasira. Zipo, na vijana wa nyumba ile walizijua zote. Wanaume wakikutana hawakosi kuuimba ule wa gereza la Akka, unaowaomboleza vijana watatu walionyongwa na Waingereza tarehe 17 Juni 1930. Lakini nyimbo zilizoibeba Lifta kutoka bondeni hadi Amman zilikuwa za mapenzi, za mavuno ya zeituni, za wasichana na mitungi, za mama mkwe mwenye gubu. Ndani yake kuna majina: kisima fulani, njia fulani, mti wa fulani. Mjukuu wa Hajja aliyezaliwa Amman, asiye na ruhusa ya kukanyaga pale, alijua chemchemi iko upande gani wa kijiji kwa sababu ubeti unamwambia msichana ashukie upande ule. Kijiji kimefutwa katika orodha ya vijiji. Wimbo wa mama mkwe mwenye gubu nani atahangaika kuufuta?

Siku moja nilimtafsiria methali yetu, mcheza kwao hutunzwa. Aliipenda, akairudia kwa Kiarabu mara kadhaa akiipima. Kisha akauliza, "Na aliyenyang'anywa kwao, akicheza anatunzwa na nani?" Sikuwa na jibu, naye hakuwa akilisubiri, aliniambia nimletee dawa yake ya presha.

Usiku wa tarehe 22 Juni 2013 sitausahau kwa kelele. Mohammed Assaf, kijana wa kambi ya Khan Younis, alishinda shindano la uimbaji la Arab Idol kule Beirut. Nyumba nzima ilikuwa mbele ya televisheni, na Hajja, aliyekuwa akilala baada ya Isha, alikuwa amekesha na simu mkononi akituamuru tumpigie kura. Habari yake kila mtu aliijua: alivyotoka Gaza kwa tabu kwenda Misri kwenye usaili, akakuta milango ya hoteli imefungwa, akaruka ukuta, na ndani akakuta namba zimekwisha hadi Mpalestina mwenzake alipompa yake. Aliimba wimbo wa kuinua kufiya, kile kitambaa cheusi na cheupe, kwa pigo la dabke. Alipotangazwa, honi zilianza mtaa wa chini zikapanda mlima wote. Vijana walisimamisha magari katikati ya barabara, wakafungua milango redio isikike, wakashikana. Jirani yetu wa Karak, Mjordani wa asili, naye alishuka na kandambili zake akaingia mstarini. Mimi nilitazama kutoka juu na Hajja, aliyekuwa akikosoa: "Yule wa shati jekundu anawaharibia."

Baada ya Idi ya mwaka ule akaoa mjukuu wake wa kiume. Kiangazi Amman ni harusi juu ya harusi, kwa sababu ndugu walioko Kuwait, Riyadh na Dubai ndipo wanapopata likizo. Niliosha vikombe vya kahawa mpaka vidole vikakunjamana. Usiku wa hina ulikuwa wa wanawake peke yao, na kwa kweli sikuona ugeni mkubwa: hina, udi, wimbo wa kumtania bwana harusi. Mwanamke mmoja anasimama, anaweka mkono karibu na mdomo, anavuta ile "aaawiiha" yao, anatoa mistari minne ya sifa kwa bi harusi, kwa baba yake, kwa kaburi la babu, na mwisho wake ukumbi mzima unajibu kwa vigelegele. Vyangu vya Kisauni vilikuwa virefu kuliko vyao. Hajja aliligundua hilo mapema, akawa ananionyesha kwa kidole: sasa, na sasa tena. Watu wakageuka kutafuta vinatoka wapi.

Kesho yake ilikuwa karamu yenyewe. Wanaume walikuwa barabarani mbele ya jengo, viti vya plastiki vimepangwa, taa za rangi zimevutwa toka dirisha hadi dirisha. Wanawake tulikuwa ukumbi wa karibu. Wanaume walikuwa wamemleta mzee wa kupiga mijwiz, matete mawili yaliyofungwa pamoja, yenye mlio wa kukwaruza unaofanana sana na zumari letu. Mzee yule hakukata sauti hata mara moja. Anavuta pumzi kwa pua huku mashavu yamejaa hewa, anasogea taratibu mbele ya mstari akimkabili kila mchezaji kana kwamba anamwambia jambo lake mwenyewe. Mbele ya mstari yuko lawwih, kiongozi, anazungusha tasbihi hewani, anaruka, anapiga goti, anaamuru pigo kwa sauti. Yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya mbwembwe; waliobaki kazi yao ni moja.

Upande wetu nilikuwa nimesimama na sinia. Shangazi mmoja wa bi harusi alinifuata, akanipokonya sinia, akampa binti yake, akanikamata mkono. Akanitia kati yake na mwanamke mwingine, nami sikujua pa kuweka mguu.

Sisi wa Pwani tunacheza kwa kiuno. Dabke haina kiuno hata kidogo. Ni goti na kisigino, na juu ya hapo mwili umenyooka. Mnashikana mikono bega kwa bega, mstari unakwenda kulia. Mguu wa kushoto unapita mbele ya wa kulia, wa kulia unafuata. Wa kushoto unapita tena, wa kulia unafuata. Kisha wa kushoto unarushwa teke dogo na kushushwa chini kwa kishindo. Hesabu ni sita, lakini wimbo una hesabu nne, kwa hiyo kishindo hakiangukii mahali pamoja pa lahani kila mara, na hapo ndipo mgeni anapopotea. Nilikuwa natafuta kwa masikio. Shangazi akanivuta kwa mkono, kwa nguvu, kila mara sekunde moja kabla. Nikaacha kusikiliza nikaufuata mkono. Ukikosea katika mstari ule, jirani zako wawili wanajua kwa bega kabla mtu yeyote hajaona kwa macho, na wanakurekebisha bila kukutazama. Hakuna aliyekatiza kunifundisha. Walinibeba tu mpaka miguu ikakubali.

Niseme pia kwamba asubuhi yake nilirudi kwenye vikombe. Shangazi alikuwa amelala. Mstari wa dabke haukubadilisha mkataba wangu wala mshahara. Niliowajua Amman, wasichana wa Kenya na Uganda, wengine pasipoti zao zilifungiwa makabatini na hawakutoka nje isipokuwa kutupa taka, na baadhi yao walikuwa katika nyumba zenye ramani ya Palestina ukutani. Nilimwambia hivyo Hajja siku moja, nikiwa nimekasirika kwa ajili ya rafiki yangu. Hakutetea. Alimpigia simu mwanamke mwenye nyumba ile, aliyekuwa wa ukoo wao kwa mbali, na nilimsikia akimtajia marehemu mama yake. Rafiki yangu akaanza kupata Ijumaa ya kutoka. Pasipoti haikurudi. Naeleza hili kwa sababu nimeona watu wakiisimulia ngoma hii kana kwamba wote walioshikana mikono ni malaika.

Mjukuu wa kike wa Hajja alikuwa katika kikundi cha dabke kilichofanyia mazoezi ukumbini, karibu na kambi ya Wehdat, na kwa kuwa msichana hakuruhusiwa kwenda peke yake, mimi ndiye niliyempeleka. Kambi ile iliwekwa mwaka 1955; leo ni mtaa wa saruji na soko la mitumba, na usipoambiwa ni kambi hutajua. Mkufunzi alikuwa mkali. Kabla ya mazoezi kila mtoto anasema jina lake na kijiji au mji wao: Lifta, Yafa, Lydd, Beit Mahsir. Watoto wa miaka kumi na mmoja, waliozaliwa wao na baba zao palepale Amman. Mwanzoni niliona ni kuwakaririsha huzuni. Kisha nikawasikia wakitaniana kwa majina hayo, wewe wa Yafa mguu wako mzito, na nikaona kwamba kwao ni kama sisi tunavyosema huyu wa Likoni, huyu wa Lamu.

Kwa mkufunzi yule nilijifunza historia ambayo Hajja hakuijali. Miaka ya 1970 vijana wa Ramallah na al-Bireh, waliokua chini ya ukaliaji wa kijeshi wa Israeli, walianza kukusanya nyimbo na hatua kutoka kwa wazee wa vijijini wakihofia zitapotea, na mwaka 1979 kikaundwa kikundi cha El-Funoun, ambacho kipo mpaka leo. Intifada ya kwanza, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya ukaliaji huo, ilipoanza mwaka 1987, wanakikundi walikamatwa. Kaseti zikawa mali ya hatari. Mtunzi Suhail Khoury alifungwa wakati ule kwa ajili ya kaseti ya nyimbo. Miaka mingi baadaye, Julai 2020, nilikuwa nimesharudi Mombasa niliposoma kwamba polisi wa Israeli wamevamia Chuo cha Muziki cha Edward Said kule Jerusalem na kumkamata tena, yeye na mkewe aliyekuwa akiongoza kituo cha utamaduni cha Yabous. Nikakumbuka sauti ya mkufunzi akiwaambia watoto wanaosinzia kwamba kuna watu wamelala rumande kwa ajili ya hatua hii, basi inueni goti.

Hajja tulimpeleka kutazama onyesho lao la mwisho wa mwaka. Alikaa mstari wa mbele na mkongojo. Mavazi yalikuwa mazuri, taa, moshi, wasichana na wavulana pamoja, miguu ikishuka kama mguu mmoja. Watu walisimama kushangilia. Njiani kurudi nyumbani alinyamaza mpaka taa za barabarani za mzunguko wa tatu, ndipo akauliza: "Mbona wote wanatazama mbele? Mpiga mijwiz yuko nyuma yao, kwenye kompyuta. Nani anamtazama nani?" Kijijini mstari unajikunja, karibu ufunge duara, na kila mtu anaona nyuso za wenzake na za mpigaji. Jukwaani umenyooshwa ili watazamaji waone.

Nilibaki na hilo siku nyingi, na sikukubaliana naye. Bila jukwaa lile mjukuu wake angejua dabke ya harusini tu, ya hatua sita, na zile za shamaliyya zenye kuruka na zile za wafugaji asingezijua kabisa. Kuna kizazi kilichohitaji kuiona ngoma yake imeheshimiwa kwa taa na tiketi. Lakini alikuwa ameona kitu. Mwaka huohuo wa 2013 walianza kundi la muziki la 47Soul hapohapo Amman, wanaoutoa mlio wa mijwiz kwenye kinanda cha umeme na kuupigia dabke kwenye kumbi za muziki; mjukuu wa kiume alimpigia bibi yake wimbo mmoja kwa simu. Nilingoja matusi. Hajja akatingisha kisigino, akasema, "Huyu walau anajua pigo liko wapi," akaendelea na mlenda wake. Nikajua kwamba tatizo lake halikuwa umeme.

Kisha ukaja mwaka 2014. Vita vya Gaza vilianza Julai, Ramadhani, na harusi ya mjukuu mwingine ilikuwa imepangwa baada ya Idi. Televisheni haikuzimwa. Tulifuturu tukitazama maiti za watoto. Waliouawa kabla ya vita kusimama mwishoni mwa Agosti walipita 2,000. Nyumbani pakawa na ugomvi wa chinichini. Mwana mkubwa alitaka sherehe ifutwe, watu wasome Fatiha, wale, waende. Upande wa bi harusi walisema binti yao hakufa. Ami mmoja, ambaye mkewe ana ndugu Gaza, aliapa kwamba atakayepiga ngoma yeye hatakanyaga mlango wake.

Hajja alisikiliza siku nyingi. Alijua mambo haya yalivyokwenda wakati wa intifada, maana dada zake walibaki Ramallah: harusi miaka ile zilifanywa kimyakimya, bila maandamano ya bwana harusi barabarani, kwa heshima ya waliouawa, na watu walikubali. Mwisho alitoa amri kutoka kitandani. Hakuna kinanda, hakuna spika, hakuna taa za rangi, hakuna fataki. Pesa za mwimbaji zipelekwe Gaza. "Lakini mtu asiniambie nisimwimbie mjukuu wangu kwa mdomo wangu." Na dabke? Akasema miguu ni yao, wataamua wenyewe.

Usiku ule wanawake tuliimba sebuleni, madirisha yamefungwa, tarwida zaidi kuliko kitu kingine. Wanaume walikuwa barazani kwenye viti vyao na kahawa chungu, kimya, muda mrefu. Kisha tukasikia miguu. Hapakuwa na mijwiz wala dumbaki, wala mtu aliyekuwa akiimba. Ilikuwa ni miguu na mtu mmoja akihesabu kwa sauti ya chini. Walicheza kidogo wakaacha. Ami yule alikuwa amekuja, akala, na miguu ilipoanza akaondoka. Hakuna aliyemsema, wakati ule wala baadaye. Mimi nilikuwa upande wake, nakiri, na mpaka leo sehemu yangu iko upande wake. Nyumba ikiwa na msiba huchezi. Ila nilimtazama bi harusi akisikiliza ile miguu, uso wake ulivyolegea, nikaona kwamba na yeye alistahili mtu aje amkanyagie paa lake kabla ya mvua.

Nilirudi Mombasa mkataba ulipokwisha. Hajja alifariki mwaka 2017, akazikwa Amman. Mjukuu wake, yule wa kikundi, sasa ni mwalimu Irbid na anafundisha watoto dabke jioni. Desemba 2023 aliniandikia saa nane za usiku: UNESCO imeiandika dabke ya Palestina katika orodha yake ya urithi wa binadamu, katika kikao cha Kasane, Botswana. Akauliza Botswana ni mbali na kwetu. Nilimpongeza, naye hakuonekana kufurahi sana. Gaza ilikuwa inateketea tena, mara hii kupita vyote nilivyoviona nikiwa pale, na alisema watoto wake darasani walikuwa wanauliza kama inafaa kufanya mazoezi. Akawaambia wafanye, bila muziki. Nikajua alikolitoa hilo.

Baadaye akawa ananitumia video za Ahmed Abu Amsha, mwalimu wa muziki aliyekuwa akiwafundisha watoto kuimba ndani ya mahema ya waliohamishwa huko Gaza. Katika mojawapo, mwaka 2025, droni inavuma juu yao, ule mvumo ambao watu wa Gaza wanauita zanana, nao wanaushika kama sauti ya msingi na kuimba juu yake. Niliisikiliza kwa visikizio dukani kwangu, mteja akasubiri. Wanaimba sawasawa, hawatoki kwenye ufunguo. Ningependa kujua Hajja angewakosoa nini. Nadhani wa tatu kutoka kushoto anawahi mbele ya pigo.

Juzi mjukuu ameniomba nimtumie hatua za chakacha, wanafunzi wake wanataka kuona watu wa Pwani ya Afrika Mashariki wanacheza vipi. Nimemwambia asubiri. Video zilizojaa mtandaoni ni za kinanda na spika, na mpiga zumari ninayemtaka yuko Lamu, hapokei simu.